Watu wa Nyumbani Wangapi?

Nilifika Malindi kwa njia ambayo hakuna mtu mwenye haraka angeichagua. Watu hushuka Mombasa kwanza, kisha huifuata pwani kupanda juu. Mimi nilitoka Kitale, nikakaa Nakuru majuma mawili, nikaenda Garissa kufuata kazi ya kuhesabu magunia ambayo nilipofika alikuwa ameshapewa mtu mwingine, na kutoka Garissa nikauandama Mto Tana kuelekea baharini, ndani ya lori lililokuwa likienda kubeba maembe. Hola tulilala siku mbili kwa sababu mto ulikuwa umepanda barabarani. Kila asubuhi dereva alichomeka kijiti ukingoni mwa maji, akanywa chai, akarudi kukitazama. Siku ya tatu maji yalikuwa hayajapanda wala hayajashuka, naye akasema tupite tu. Tulipita na maji yakiingia ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Upande wangu niliona ng'ombe aliyekufa amenasa kichakani, pembe zake zikitikisika kwa mkondo kana kwamba anakataa jambo.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, begi moja, cheti cha kidato cha nne, na tabia ya kuamini kuwa mji ulio mbele utafanana na mji fulani niliouacha nyuma. Malindi haukufanana na wowote. Ulinuka chumvi, vitunguu vya kukaanga na moshi wa makumbi ya nazi. Niliupenda siku ile ile, na kwa kawaida hilo huwa ni onyo kwangu.

Kazi niliipata kwenye meza ya chai. Jirani na mkahawa palikuwa na ghala la vyombo vya sherehe: mahema, viti, majukwaa, na sufuria ambazo mtu angeweza kuogea ndani. Tajiri wa ghala alikuwa Mhindi aliyezaliwa Malindi, na baba yake vilevile. Babu yao alianza kwa kukodisha sufuria nne za pilau. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, naye alikisema polepole, kama mtu asiyetaka kimwagike. Alinisikia nikimweleza muuza chai jinsi kiwanda cha mbao nilichowahi kukifanyia ukarani kule bara kilivyokuwa kikilipa wapasuaji.

"Mlikuwa mkiwalipa kwa siku au kwa ubao?" aliuliza.

"Kwa ubao, bwana. Na ubao mgumu ulikuwa na bei yake."

Akakivuta kiti chake karibu. "Hema langu likienda nyumba ya pili, bei ile ile. Likienda Ngomeni, watu wangu wakashinda mchangani kutwa, bei ile ile. Kodi ya hema naijua. Jasho la kulisimamisha silijui. Nataka jasho liwe na bei yake, liandikwe peke yake, mteja alione kwa macho."

Ndivyo nilivyokuwa karani wa jasho. Hilo jina nilipewa na fundi mkuu wa mahema, mtu wa Kaloleni wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye mikono mirefu isiyoendana na kimo chake. Baba yake alikuwa mgema, na yeye mwenyewe alipanda minazi mpaka alipopata watoto watatu, ndipo akaacha. Alisema mnazi haukuambii siku utakayokuchoka.

Mwezi mzima nilifuatana naye na wenzake nikiwa na daftari na simu ya kupimia muda. Niliandika wanatumia muda gani penye udongo mwekundu, muda gani penye mwamba wa matumbawe ambao lazima utobolewe kwa nondo, muda gani mchangani, ambako vigingi havishiki na inabidi kuzika viroba vilivyojaa mchanga na kuvifungia kamba. Niliandika hata kungoja, maana wenye arusi hupenda kuita watu saa mbili na kufungua lango saa tano.

"Mbara," fundi alikuwa akiniita, kama wanavyotuita watu wa bara. "Nimekohoa mara mbili. Andika na kikohozi."

"Kikohozi ni bure."

"Basi nitakohoa nyumbani kwangu. Hapa siwapi kitu cha bure tena."

Mahema madogo hayakuwa na shida. Kazi ilikuwa kwenye lile kubwa la watu mia tatu, lililokuwa na nguzo mbili za chuma katikati. Kila nguzo ililazwa chini, kitako chake kikazuiwa na ubao, kisha ikainuliwa pamoja na turubai lote. Ilitaka watu wanane. Wanne walishika kamba, kila mmoja pembe yake. Wawili walisukuma nguzo kwa mabega. Mmoja alisimama mbali akitoa sauti ya kuvuta na kulegeza. Na mmoja alichuchumaa kitakoni akiukandamiza ubao ili nguzo isiteleze. Huyo wa kitakoni alikuwa fundi mwenyewe, siku zote.

"Kwa nini wewe tu?" nilimwuliza.

"Nguzo haianzi kuanguka kule juu unakotazama. Huanza hapa chini. Wote wanane wakiwapo, nikisikia imeanza, naruka." Alinionyesha ubao. Ulikuwa umechimbika kama kizingiti cha nyumba ya zamani. "Wakipungua, nikiruka nguzo inawaangukia wenzangu, na wa kamba hawezi kuiachia kamba anivute. Naruka niende wapi?"

Niliyaandika hayo pia. Daftari ninalo mpaka leo.

Nilipomaliza, nilipanga ujira kwa vichwa: kila mtu na bei yake kwa kazi moja, nyongeza ya mchanga, nyongeza ya mwamba, nyongeza ya umbali na ya kungojeshwa. Vibarua walifurahi. Kwa mara ya kwanza walijua watapata nini kabla ya kupanda lori. Tajiri alifurahi pia, mpaka wateja walipoanza kuisoma ile karatasi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba pwani hema halikuwa kazi ya vibarua peke yao. Nyumba ikiwa na arusi au msiba, wanaume wa ukoo na majirani hufika asubuhi, hushika kamba, hutoa amri ambazo hakuna anayezifuata, kisha hula. Vibarua wa ghala walikuwa wakila nao. Sasa karatasi yangu iliandika watu wanane na bei yao, na mteja wa kwanza kuja juu alikuwa mzee wa nyumba ya wafanyabiashara wa zamani wa mjini, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na bakora.

"Watu wanane wa nini?" alisema. "Mimi nina watu. Wajukuu peke yao wanajaza uwanja. Wataka majirani waseme nimenunua watu wa kuninyanyulia hema?"

"Hapana, mzee. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu wa bara."

Usiku ule nililifikiria jambo lile na asubuhi nilikuwa na jibu nililoliona la busara. Niliongeza mstari mmoja kwenye fomu: *Watu wa nyumbani wangapi?* Mteja mwenye watu wake angepunguziwa vibarua mpaka wabaki wanne, na ujira ungepungua kadiri hiyo. Mila ingeheshimiwa na karatasi ingebaki.

Tajiri aliusoma mstari ule mara mbili. "Na wasipokuja?"

"Watakuja, bwana. Ni aibu kwao wasipokuja."

"Aibu ipo, kweli," alisema, akiitazama fomu kama mtu anayetazama maziwa asiyojua ya siku gani. "Haya. Tujaribu."

Fundi nilimsomea chini ya dari ya ghala, akiwa anashona turubai. Aliacha sindano.

"Pwani hii humwulizi mtu kama ana watu, Mbara. Ni kama kumwuliza kama alizaliwa. Atakujibu nini?"

"Atajibu idadi."

"Idadi gani?"

Niliona anataka kunizuia kazi, nikaikunja fomu nikarudi ofisini. Sikuelewa kwamba alikuwa ananiuliza swali la kweli.

Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuandika kuwa hana. Waliandika kumi, ishirini, mmoja aliandika "wengi". Bei ilishuka, wateja wakaongezeka, na lori likawa linaondoka na watu wanne. Na kule lilikokwenda, watu wa nyumbani walikuwa kazini, au safarini kutoka Mombasa, au msikitini. Arusi moja ya mjini walifika kweli, vijana saba, wote wameshavaa kanzu nyeupe na kujitia manukato kwa ajili ya nikaha. Mmoja aliishika kamba kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Vuta, bwana harusi," fundi alimwambia.

"Si mimi bwana harusi."

"Basi vuta upate na wewe kuozwa. Kwa mikono hiyo nani atakupa binti?"

Wote walicheka, na nguzo ikapanda, na nikaona kitako kikisogea ubaoni upana wa vidole vinne kabla ya kukwama. Fundi hakucheka. Alibaki ameinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya hapo mambo yalianza kuonekana, kama unyevu unavyoonekana ukutani, leo doa, kesho doa pana. Mmoja wa vibarua alichunwa viganja na kamba. Nguzo ya pili ililala upande kule Kilifi na kuvunja viti kumi na viwili ambavyo dakika chache kabla vilikuwa na wanawake waliokaa kuchambua mchele. Ubao wa kitakoni ulipasuka, ukabadilishwa, na ule mpya nao ukaanza kuchimbika. Asubuhi za hema kubwa, fundi aliacha kunitania. Alikuja mlangoni mwa ofisi akauliza neno moja.

"Wangapi?"

"Wanne."

"Na wa karatasini?"

"Kumi."

"Haya," aliwageukia wenzake, "tuko kumi na wanne. Kumi hawaonekani. Msiwakanyage."

Nilimwendea tajiri nikamwambia tuufute mstari ule. Hakubisha. Alisema mwezi ule ulikuwa wa Shaaban, kila mtu anaoza binti kabla ya Ramadhani, na ameshapokea maagizo kwa bei ile. Tungemaliza mwezi. Nilikubali. Nadhani nilikubali upesi kuliko yeye alivyotarajia.

Juma la mwisho la Shaaban alikuja mjane kutoka Ngomeni, amefuatana na jirani yake. Alikuwa anamwoza binti yake wa pekee na alilitaka hema kubwa, kwa sababu upande wa bwana harusi walikuwa watu wengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaketi pembeni mwa kiti kama mtu asiye na hakika kiti ni chake. Nilijaza fomu. Siku, mahali, mchanga. Nikafika kwenye mstari wangu.

"Watu wa nyumbani wangapi, mama?"

Jirani yake aligeuka kumtazama, si kwa ubaya, bali kwa hamu ya kawaida ya jirani. Mama yule alihamia Ngomeni akiwa ameolewa, mumewe alikuwa amekufa, na ndugu zake, kama nilivyokuja kujua, hawakuwa wakimjia tangu ugomvi wa shamba. Niliona kidole chake kikikunja pindo la leso, kikikunjua.

"Kumi na watano," alisema.

Nilijua. Nataka niliseme hili wazi, maana kwa muda mrefu nimewaambia watu kuwa sikujua. Niliuona uso wake, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na niliandika kumi na watano.

Siku ya kazi nilipanda lori pamoja nao. Nilijiambia naenda kupima muda. Ngomeni upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma, si mkali, ila wa kusimama na kurudi. Uwanjani kwa yule mama palikuwa na binti, ambaye mikono yake ilikuwa na hina mbichi na hangeweza kugusa kitu, na vikongwe wawili waliokuwa wakimenya vitunguu saumu. Hapakuwa na mtu mwingine. Walizika viroba, wakafunga kamba, wakalaza nguzo. Yule mama akatoka nje amejifunga leso kiunoni, akaenda moja kwa moja akashika kamba.

"Nionyesheni nivute vipi," alisema.

"Mama, wewe ni mwenye arusi," fundi alimwambia. "Kaa."

"Hamna mwengine."

Alilisema mbele yetu sote, akitazama chini. Mmoja wa vibarua alisema aende akawaite wanaume wa nyumba za jirani.

"Usiwaite," mama alisema. "Naomba. Nilisema ninao."

Fundi alimtazama, akanitazama mimi. Angeweza kukataa. Kwenye daftari langu ilikuwa imeandikwa kwamba wakipungua hana pa kurukia. Aliyesema maneno yale alikuwa yeye. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Basi tusimwaibishe," alisema. "Mbara, shika kamba ya upande wa bahari. Jifungie kiunoni, usiishike kama kalamu."

Nguzo ya kwanza ilisimama. Ya pili ilipanda mpaka nusu, na turubai likajaa upepo. Nilihisi kamba ikiniburuta hatua moja, mbili, visigino vikilima mchanga. Sijui kama ni kamba yangu iliyolegea kwanza au ya mwenzangu wa upande wa pili. Nimeshalitafuta jibu hilo vya kutosha. Nilichosikia ni ubao. Ulitoa sauti fupi, kavu, na kitako cha nguzo kikaupanda, kikaenda mbele kwa fundi. Hakuruka. Alikuwa ameuzuia kwa paja lake.

Hakupiga kelele. Vikongwe ndio waliopiga. Na mara wakaja wanaume kutoka kila nyumba, wengine na vijiko mikononi, wengine vifua wazi, ishirini au zaidi, wakainyanyua ile nguzo ya chuma kama ufito. Walikuwapo hatua mia moja kutoka pale tulipokuwa. Walimtoa, wakampakia kwenye lori, na waliobaki wakalisimamisha hema. Binti aliozwa chini yake siku ya pili. Niliambiwa palipendeza.

Fundi alivunjika nyonga na mfupa wa paja. Hospitalini Malindi waliutia vyuma, tajiri akasimamia matibabu yote bila kuulizwa, na baada ya majuma kadhaa akarudishwa kwao Kaloleni. Tajiri mwenyewe ndiye aliyeuchukua ule mstari akaukata kwa rula na kalamu nyekundu kwenye fomu zote zilizobaki. Hema kubwa likawa watu wanane, mteja akiwa na wajukuu mia au hana hata mmoja.

Nilikwenda Kaloleni kumwona. Alikuwa amelazwa barazani, mguu juu ya kibao, na mkewe akikuna nazi karibu. Niliwaamkia.

"Karibu, karani wa jasho," alisema. "Karatasi yako imenipa likizo. Baba yangu alianguka minazi miwili na hakupata hata moja."

"Nisamehe."

"Nikusamehe ili ulale? Lala tu." Alijisogeza, uso ukakunjamana, ukarudi. "Niambie kitu kimoja. Nani anashika kitako sasa?"

Nilimtajia. Alikuwa yule kibarua aliyetaka kwenda kuwaita majirani, mtu wa Kibarani mwenye watoto wadogo.

"Wako wangapi?"

"Wanane. Mstari umefutwa."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akafumba macho. Mkewe hakuniangalia tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Alikuwa amemaliza nazi zamani na aliendelea kukuna kifuu.

Nilirudi mara mbili zaidi, na kila mara aliniuliza lile lile, nami nilijibu lile lile, na lilikuwa kweli.

Lakini picha ya fomu yangu ilikuwa imeshatembea kwenye simu. Baada ya Idi nilianza kuwasikia wateja wakisema kuwa Kilifi kuna ghala linalokubali watu wa nyumbani, na Mtwapa kuna jingine. Siku moja mteja aliniwekea mezani fomu ya wenzetu ili nione bei. Mpangilio ulikuwa wangu, nyongeza ya mchanga ilikuwa yangu, na mstari ulikuwapo, maneno yale yale. Mwezi ule hema letu kubwa lilitoka mara moja. Mwezi uliofuata halikutoka.

Tajiri aliniita ofisini. Hakuonekana kuwa na raha. "Uandike tena," alisema. "Tutawaambia wateja wahakikishe watu wanakuja."

"Watasema watahakikisha, bwana."

"Najua watakavyosema. Nimezaliwa hapa."

Nilikataa. Hakugomba. Aliivuta karatasi akauandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wa pole, na jioni binti yake akaupiga chapa.

Nilibaki siku tisa. Nilikuwa nimeahidi kwenda Kaloleni Jumapili, na Jumapili sikwenda. Alhamisi asubuhi nilifunga begi langu, nikaingia ghalani kukabidhi funguo. Lori lilikuwa likipakiwa lile hema kubwa, lielekee Ngomeni, upande ule ule. Fundi mpya, yule wa Kibarani, alikuwa amekaa juu ya nguzo, ubao magotini, akiuchunguza kwa kidole gumba.

"Unahama, Mbara?"

"Nahama."

"Hatukupikii ugali mzuri?"

"Wa Kitale ni mzuri zaidi."

Alicheka. Kisha akanyoosha mkono, nikampa fomu ya siku ile iliyokuwa juu ya meza. Aliisoma polepole, midomo ikitembea, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Wanne," aliwaambia wenzake. "Pandeni."

Walipanda. Nilimpa binti wa tajiri funguo, naye akaniuliza kama nitarudi, nikasema sidhani. Nje, lori lilipinda kushoto kuelekea kaskazini, turubai likipepea nyuma kwa sababu hakuna aliyekuwa amelifunga sawasawa, na upepo ulikuwa wa kusi. Mimi nilishika njia ya kulia.